Jiwe Lisianguke

Tarehe 9 Februari 1986

Kaka yangu Tofali,

Shikamoo. Hamjambo wote hapo nyumbani? Mimi mzima, ila miguu inaniuma kwa kusimama wodini kutwa nzima. Ugonjwa huu nimeurithi kwa Mama, pamoja na mdomo.

Binamu yetu fundi vioo alipita hapa wiki jana, amemleta mama mkwe wake kupimwa macho. Tukanywa chai, tukacheka, mpaka aliposema, tena kwa majivuno, "Kaka yako siku hizi ndiye daktari wa nyoka. Ana lile jiwe la mama yenu. Akiliweka tu, mtu anapona." Chai ikanipalia.

Kaka, sitaki ugomvi. Lakini nina mgonjwa hapa, mkulima, baba wa watoto, aliyeumwa mguuni na kifutu, yule nyoka mnene anayelala njiani kama kipande cha gogo. Ndugu zake walimfunga kamba juu ya goti wakavuta mpaka mwisho. Wakamchanja kwa wembe. Wakamwekea vitu ambavyo hata sijui majina yake. Walipochoka ndipo wakakumbuka kuna hospitali. Ile kamba niliifungua kwa mikono yangu. Mguu wake hatunao tena.

Kwa hiyo nakuandikia kama muuguzi, nikimaliza nitakuwa mdogo wako tena. Mtu akiumwa na nyoka, mlaze na mtulize. Mvue pete, bangili, viatu, chochote kinachobana, kabla hajavimba. Kiungo kilichoumwa kisitikisike, kifungie ubao kama cha mtu aliyevunjika. Usikate, usinyonye, usifunge kamba, usimpe pombe. Nyoka mwache aende zake, kumfukuza ni kutafuta mgonjwa wa pili. Halafu mgonjwa abebwe, asitembee, akimbizwe hospitali yenye dawa ya sumu. Basi. Jiwe silioni mahali popote hapo.

Mvua zinakaribia, na nyoka wanapenda rundo lako la matofali makavu kuliko unavyolipenda wewe. Naomba unitumie lile jiwe, binamu akipita tena. Pasi ya Mama ninayo, vitakaa pamoja. Msalimie wifi yangu, mwambie nimemkumbuka kwa maneno yake.

Mdogo wako,
Kasuku


Tarehe 2 Machi 1986

Kwako Kasuku,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa hasira.

Tulipogawana vitu vya Mama, pasi ya mkaa ulichukua wewe. Sikusema neno. Nikabaki na benchi na jiwe. Sasa unataka na jiwe. Kesho utaniomba benchi, nami nikae chini na mvi zangu hizi.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mimi nakumbuka kila kitu. Naikumbuka nyumba nzima ikinuka wanga na mvuke, na Mama amesimama mbele ya meza anapiga pasi mashati ya watu, na lile benchi la ukutani limejaa nguo zilizokunjwa. Halafu unasikia kelele nje: "Mama Dobi! Mama Dobi! Nyoka!" Pasi inawekwa pembeni. Nguo zote zinaondolewa benchini kwa mkupuo mmoja, na Mama hakuwa mtu wa kukunjakunja nguo ya mteja.

Aliyeumwa alilazwa hapo. Mama alimvua kila alichovaa cha chuma au dhahabu, maana jiwe lilikuwa halipendi madini karibu yake. Unamkumbuka yule bibi harusi aliyeumwa mkononi, bangili zake zikagoma kutoka? Mama alimpaka povu la sabuni mpaka kwenye kiwiko, zikateleza moja baada ya nyingine. Halafu ndipo alipotoa jiwe kwenye mfuko wa gauni lake, akaliweka taratibu karibu na jeraha, akasema kwa sauti ile ile kila siku: "Jiwe lisianguke. Likianguka, dawa imeharibika." Mtu akawa kama maiti kwa kutulia. Hata waliokuja wanapiga mayowe walinyamaza, macho yote kwenye jiwe. Na Mama anarudi kwenye pasi yake, anawasimulia vituko vya wateja, yule karani aliyesahau barua ya mapenzi mfukoni, mpaka mgonjwa anacheka kwa tumbo tu, mkono hautikisiki.

Baadaye lilikuja lori la mbao la jirani, Mzee Honi akiliendesha, kumrudisha mgonjwa kwao kwa heshima, amebebwa. Mama alikuwa akiwasindikiza. Na wewe, kwa sababu ulikuwa unalia kuliko aliyeumwa, ulichukuliwa ukakalishwa mbele. Mimi nilibaki kulinda nguo za watu kwenye kamba. Nilikuonea wivu sana kwa lile lori. Sijui kama niliwahi kukwambia.

Na Mama hakumpoteza mtu hata mmoja. Tarishi alipona. Bibi harusi alipona. Muuza mkaa alipona akahamia kwa ndugu zake. Sasa niambie, hospitali yako ina hesabu kama hiyo?

Tena mimi nimeboresha. Mama alikuwa analiacha jiwe wazi, likiteleza ni hasara. Mimi nalifunga juu ya jeraha kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, nalikaza vizuri. Haliendi popote. Mtu hana haja ya kulala kutwa nzima wala kusumbua lori. Mafundi wangu wawili wameshaumwa tangu mwaka uanze, na nyoka wale wembamba wa kijani, nikawafunga, wakarudi tanurini siku hiyo hiyo.

Jiwe silitumi. Nikilishika nanusa wanga. Ndicho kitu pekee kilichobaki cha mikono yake ambacho bado kinafanya kazi.

Wifi yako anakusalimu. Anasema maneno yake hayajaisha.

Kaka yako,
Tofali


Tarehe 11 Machi 1986

Kaka,

Kwanza kabisa, kabla hujasoma mstari mwingine, nenda ukautupe huo mpira. Nakusubiri.

Umerudi? Haya, keti kwenye benchi lako, sitakuomba.

Wale wa kijani waliowauma mafundi wako hawakuwa na sumu ya kumuua hata kuku, ni bahati tu, maana wapo wa kijani wanaoua. Mafundi hata ungewafunga kipande cha sabuni wangerudi kazini. Siku akija aliyeumwa na kifutu, huo mpira wako ndio utakaomla mkono, na jiwe litakuwa limekaa juu yake linaangalia.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nacheka wakati naanza kuisoma barua yako, na nilipofika kwenye lori nikaacha kucheka. Kaka, kumbe hujui. Miaka yote hii nilidhani unajua.

Lile lori halikuwa likimrudisha mtu kwao. Lilikuwa linakwenda hospitali. Mimi nilikuwa nakaa mbele, kwenye mapaja ya Mama, na Mzee Honi anapiga honi kila kona, na Mama kila mara anageuka kutazama kupitia kioo cha nyuma. Tulikuwa tunaingia kwa lango kubwa la chuma. Wauguzi walimjua Mama kwa jina. Mmoja alikuwa ananipa maboksi matupu ya dawa nichezee. Unadhani mimi nilitaka kuwa muuguzi kwa sababu gani? Kwa sababu ya yale maboksi.

Watu wa mtaa wetu siku zile waliiogopa hospitali kuliko nyoka. Ukiitaja tu, mgonjwa anainuka benchini na kukimbia, na sumu inakimbia naye. Kwa hiyo Mama akawapa jiwe. Hukuona kwamba hakuliweka juu ya jeraha lenyewe? Wewe mwenyewe umeandika "karibu na jeraha." Hakulifunga kamwe, kwa sababu kuanguka kwake ndiyo ilikuwa kazi yake. Ni jiwe jepesi, Kaka, mtu akihema vibaya linaporomoka. Ndiyo maana walitulia. Bangili alizivua kwa sababu ya uvimbe. Vituko vya karani vilikuwa dawa ya hofu. Soma tena barua yako uone: kila kitu nilichokuandikia mimi kama muuguzi, Mama alikifanya, na wewe umenieleza vizuri kuliko nilivyofundishwa darasani. Ulichokosa ni pale lori lilipokwenda.

Na jiwe lenyewe, nisamehe, lakini ni la kusugulia visigino. Alikuwa akisimama siku nzima kwenye saruji yenye maji, visigino vimepasuka. Nilimwona akivisugua nyuma ya jiko kila Jumapili. Nilipomuuliza alisema, "Kasuku, ukifungua huo mdomo wako kuhusu lori au kuhusu jiwe, kuna mtu atakufa." Mimi niliyeshindwa kuficha hata nani amekula sukari, hilo nikalificha. Halafu nikakua, nikadhani hakuna tena cha kuficha.

Kuna jambo jingine, nalo nilitaka kulipita kimya. Muuza mkaa hakuhama. Aliumwa asubuhi, akaona kwanza amalize kuuza gunia lake, akaja kwa Mama jua likiwa utosini. Alifika hospitali, lakini alikuwa amechelewa. Mama alirudi mbele kwenye lori, na mimi ndiye niliyemfuta uso kwa gauni langu njia nzima. Mtaani akasema amehama, ili watu wasiache kuja.

Sijakuandikia kukunyang'anya Mama. Nakuandikia kwa sababu mvua zimeanza huku.

Mdogo wako anayekupenda,
Kasuku


Tarehe 6 Aprili 1986

Wifi yangu Kasuku,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Niko hai. Nakuandikia nikiwa kitandani, na ulioumwa ni mkono wa kushoto, kwa hiyo wa kukutukana ningali nao.

Naanza na swali. Ulimwandikia nini kaka yako mwezi uliopita? Aliipokea barua, akaisoma mlangoni akiwa amesimama, akaikunja akaitia mfuko wa shati. Tangu siku ile akawa bubu. Chakula anasukuma. Mafundi wakimuuliza kitu anajibu "eeh" hata kama swali lilikuwa la hapana. Nikimuuliza Kasuku anasemaje, anasema, "Anakusalimu." Salamu gani hizo za kumkondesha mtu? Nikajua mnagombania urithi. Nikakuchukia wiki nzima, sasa nakuomba radhi.

Halafu siku ya nne ya mvua mfululizo nikaenda kwenye rundo kutafuta matofali makavu ya kuinulia gunia la unga, maji yalikuwa yanaingia stoo. Nikanyanyua la kwanza, nikanyanyua la pili. La tatu lilikuwa na mwenyewe. Alinipiga hapa, chini ya kidole gumba, nikamwona mwili wote mnene na madoa yake, ametulia kama aliyelipa kodi. Kifutu. Nikapiga kelele mpaka tanuri likasikia.

Kaka yako alikuja mbio, mkono huu jiwe, mkono huu ule mpira wake mweusi. Nikamnyooshea mkono, nikafumba macho, nikasema, "Funga." Hakufunga. Nikafumbua macho nikamwona amesimama anautazama ule mpira kama mtu aliyekuta nyoka wa pili. Akautupa juu ya paa. Wifi, nilikata tamaa. Nikasema, leo ndiyo siku mwanamume huyu ameamua kuniua.

Akanilaza kwenye benchi la mama mkwe. Akaniambia nisitembee hata hatua moja. Akaagiza sabuni, akanipaka povu, akaanza kunivua pete ya ndoa. Nikamwambia, "Unanivua pete nikiwa hai? Si ungesubiri basi nipoe?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, mkono unawaka moto. Akanifungia mkono kwenye ubao kwa kitambaa, bila kukaza, akaweka jiwe juu ya kiganja. "Lisianguke," akasema. "Likianguka, dawa imeharibika." Sauti haikuwa yake.

Unajua mimi na hospitali. Baba yangu aliingia kwa miguu yake akatoka kwa machela, tangu siku hiyo hata harufu ya dawa ya kusafishia sakafu inanitapisha. Nikamuuliza, "Hatwendi hospitali?" Akasema, "Hospitali ya nini na jiwe lipo? Lori linakupeleka kwa mama yako, ukapumzike." Nikamwamini! Mafundi wakaninyanyua na benchi lenyewe, wakatupandisha nyuma ya lori la matofali, wakanifunika turubai. Yeye akakaa chini kando yangu kwenye maji ya mvua, ameshika ule ubao, ananisimulia habari ya karani mmoja na barua yake ya mapenzi iliyofuliwa. Simulizi hiyo sijawahi kuisikia. Njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye jiwe. Nilipoinua macho, lango kubwa la chuma lilikuwa juu ya kichwa changu na ameshaniingiza. Nikamwita majina yote ninayoyajua. Jiwe likaanguka. Akaliokota akasema, "Sasa linaweza kuanguka."

Nilivimba mpaka juu ya kiwiko. Muuguzi alikuwa ananichora mstari kwa kalamu kuona uvimbe umefika wapi, kama mtoto anayepimwa urefu ukutani. Walinitundikia dawa ya sumu. Daktari alitutisha kidogo, halafu akaacha kututisha. Anasema kidole gumba kinaweza kubaki kigumu, lakini mkono upo na mimi nipo. Alisema vilevile kwamba pete ile ingebaki kidoleni, kidole kingekwenda nayo, na kamba ingefungwa, tungeaga mkono.

Kaka yako analala kwenye benchi la nje ya wodi. Nimemwambia aende nyumbani, hataki. Bado ana barua yako mfukoni. Niambie umeandika nini.

Wifi yako,
mwenye mkono mmoja na nusu


Tarehe 13 Aprili 1986

Wifi yangu mpenzi,

Nimelia mpaka muuguzi mwenzangu wa zamu akadhani nimefiwa. Mungu akuzidishie nguvu. Ukirudi nyumbani, kunjua na kukunja hicho kidole kila siku hata kama kinauma, usikionee huruma.

Siwezi kukwambia nilichoandika. Siri hiyo niliambiwa niitunze nikiwa mdogo, nikaitoa mara moja tu, kwa mtu mmoja. Sasa ni yake. Muulize yeye, taratibu.

Kasuku


Tarehe 19 Mei 1986

Mdogo wangu Kasuku,

Nimechelewa kukuandikia. Kila nikishika kalamu naona maneno yote ulishayasema wewe.

Barua yako ya Machi iliniudhi kuliko kitu chochote tangu tumzike Mama. Sikukasirikia jiwe. Nilikasirika kwa kuwa wewe ulikuwa kwenye mapaja yake na mimi kwenye kamba ya nguo, na kumbe hata nilichokuwa nakilinda hakikuwa kile nilichodhani. Niliapa sitakujibu. Mpira nilikuwa nao mfukoni hadi dakika ile. Wifi yako aliponinyooshea mkono na kusema "funga", ndipo nikaona mikono ya Mama, na katika kumbukumbu zangu zote, Kasuku, hapakuwa na kamba. Nikatafuta kamba kichwani mwangu sikuipata.

Sasa nimesafiri na lori lile. Wewe ulikaa mbele, mimi nimekaa nyuma kwenye maji, lakini nimefika. Najua lilikuwa linakwenda wapi. Lango la chuma ni lile lile ulilonieleza, na nje ya wodi kuna benchi refu la mbao, mbao zake zimelainika kwa kukaliwa. Nilikaa hapo usiku na mchana. Nikajiuliza Mama alikaa upande gani, wa mlangoni au wa dirishani, na wewe umelala wapi. Nilidhani nitamkosa baada ya barua yako. Nilimpata pale. Nikamwombea na muuza mkaa, nimechelewa miaka mingi, lakini nimemwombea.

Watu wanaendelea kuja uani. Nawalaza, nawavua walivyovaa, naweka jiwe, nawasimulia ya karani, na lori limeshawashwa. Wengine nawaambia ukweli tunakwenda wapi, siku hizi wengi hawaogopi. Wakiogopa, nawapeleka kwa mama yao.

Wifi yako alinibana mpaka nikamwambia yote. Akatazama kiganja chake, akasema, "Yaani umeniwekea mkononi jiwe la kusugulia visigino?" Hakunisemesha siku mbili.

Jana ilikuwa Jumapili. Nilikwenda nyuma ya jiko nikamkuta ameketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni, anasugua kisigino kwa lile jiwe, kwa mkono wa kushoto, ili kidole chake kijifunze kujikunja. Povu limejaa mpaka kwenye kifundo. Nikasimama nikamtazama. Akageuka akaniuliza mbona machozi. Nikamwambia ni moshi wa tanuri.

Tanuri halijawashwa tangu mvua zianze. Akaniangalia, akasogeza kigoda kunipa nafasi, akaendelea kusugua.

Kaka yako,
Tofali